Redio, WhatsApp, TikTok, ripoti ya wizara au mhudumu wa afya: ufuatilie wapi habari za mlipuko bila kukosa usingizi?

Tarehe 16 Machi 2023 Serikali ya Tanzania ilitangaza kwamba imetuma wataalamu Bukoba Vijijini, mkoani Kagera. Watu saba walikuwa wameugua homa, kutapika, kutokwa damu na figo kushindwa kufanya kazi, na watano kati yao walikuwa wamekwishafariki. Ugonjwa haukuwa na jina. Jina, Marburg, ugonjwa wa virusi wa jamii moja na Ebola, lilitangazwa tarehe 21. Katika siku tano hizo mtu wa kata ya Maruku, hukohuko Bukoba Vijijini, ndugu yake aliyepo Kariakoo na binamu yao anayefanya kazi Muscat wangeweza kuwa na hofu ileile. Habari waliyoihitaji haikuwa ileile.

Ulinganisho huu ni wa watu kama hao. Machi 2022 Shirika la Afya Duniani lilieleza kuwa wasiwasi na sonona viliongezeka kwa asilimia 25 duniani katika mwaka wa kwanza wa Korona, likataja upweke, hofu ya kuambukizwa, kufiwa na shida za kipato. Mengi ya hayo mtu hana uwezo wa kuyazuia. Njia inayomfikishia habari anao uwezo wa kuichagua. Miaka miwili kabla, Machi 2020, shirika hilohilo lilishauri watu watafute habari mara moja au mbili kwa siku, kwa saa maalumu. Ushauri mzuri, lakini uliacha swali wazi: hiyo mara moja uitumie wapi?

Vigezo

Tumepima kila njia kwa mambo matano. Usahihi: habari ni ya kweli kiasi gani, na ikikosewa, masahihisho yanawafikia waliosikia kosa? Mzigo kwa moyo: inakuacha katika hali gani baada ya nusu saa? Hatua: inakuambia la kufanya leo? Maswali: unaweza kuuliza ukajibiwa? Gharama: bando, muda, umeme.

Kigezo cha pili na cha tatu vinategemeana kuliko watu wanavyodhani. Hofu iliyopewa kazi hupungua. Ukiambiwa "usioshe maiti wala kugusa majimaji ya mgonjwa, na ukipata homa ndani ya siku 21 baada ya kukaribiana naye piga simu", akili ina pa kuishika hofu. Ukiambiwa tu "watu wanakufa Kagera", haina pa kuishika, na hapo ndipo kufikiria sana kunapoanzia: moyo kwenda mbio, usingizi kukatika saa nane usiku, kujipima joto mara kumi.

Redio

Usahihi. Taarifa ya habari hupita kwa mhariri, hivyo huchelewa kwa saa chache na huchujwa. Masahihisho hutolewa kwenye kituo kilekile na husikika kwa wasikilizaji walewale, jambo ambalo njia nyingine hazina. Udhaifu wake ni kusoma idadi bila mahali. "Wagonjwa tisa nchini" ni habari tofauti kabisa na "wagonjwa tisa, wote wa wilaya moja".

Mzigo kwa moyo. Taarifa ya habari ina mwanzo na mwisho: dakika kumi, kisha michezo, kisha muziki. Haina picha za maiti wala za watu waliovaa mavazi meupe ya kujikinga. Lakini redio inayoachwa wazi dukani kutwa nzima hugeuza taarifa moja kuwa kumi, na mwili hauhesabu kwamba ni habari ileile. Watoto walio karibu husikia kila kitu, na mara nyingi hawaulizi.

Hatua. Inategemea kituo. Redio za karibu, kama Radio Kwizera ya Ngara kwa watu wa Kagera, au Radio Okapi kwa Kiswahili mashariki mwa Kongo, hujua kata na vijiji vyenyewe. Redio za kimataifa hukupa picha pana, ila huwezi kuzitegemea zikuambie zahanati ipi ina kitengo cha kutenga wagonjwa.

Maswali. Vipindi vya kupiga simu, daktari akiwa studio, ndiyo sehemu bora ya redio wakati wa mlipuko. Hata usipopiga wewe, kuna mwingine atauliza swali lako.

Gharama. Ndogo kuliko zote. Betri zinatosha.

Inamfaa anayehitaji kujua hali bila kuzama ndani yake, wazee wasiotumia simu janja, na familia inayosikiliza pamoja na kuzungumza baadaye.

Makundi ya WhatsApp

Hapa tutakaa zaidi, kwa sababu ndipo wasomaji wengi walipo, na ndipo faida na madhara vilipochanganyika kama mchele na chuya.

Usahihi. Tatizo kubwa ni kuhamishwa kwa imani. Ujumbe wa sauti unatumwa na shangazi. Unamwamini shangazi. Lakini anayeongea humo si shangazi. Ni mtu asiyejulikana aliyesema yuko hospitali fulani, siku isiyotajwa. Imani uliyonayo kwa aliyetuma inamwangukia aliyetunga. Na masahihisho yakija hayana sauti inayotetemeka, hivyo hayasambazwi.

Madhara yake huwa ya mwili pia. Agosti 2014, wakati wa Ebola Nigeria, ujumbe wa simu ulidai kwamba kunywa na kuoga maji ya chumvi nyingi kunakinga. Watu wawili walikufa kwa chumvi hiyo na wengine wakalazwa. Walichofanya ni kile ambacho mtu yeyote mwenye hofu hufanya: walitafuta hatua, na iliyowafikia kwanza ilikuwa mbaya.

Dalili za ujumbe wa kuacha ulipo ni hizi. Hauna tarehe wala mahali. Unasema "sambaza kabla hawajaufuta". Mzungumzaji ni "daktari" asiye na jina wala kituo cha kazi. Juu yake kuna mishale miwili, maana yake umepita katika mazungumzo matano au zaidi kabla ya kukufikia. Tangu Aprili 2020 ujumbe wa namna hiyo huwezi kuutuma ila kwa mazungumzo moja kwa wakati mmoja. Kama ni video, piga picha ya skrini kisha uitafute kwa picha kwenye Google. Klipu za zamani kutoka nchi nyingine hurudi katika kila mlipuko. JamiiCheck kwa Tanzania na PesaCheck kwa Afrika Mashariki huchunguza madai na kuyajibu kwa Kiswahili, ingawa jibu linaweza kuja uvumi ukiwa umeshazunguka.

Mzigo kwa moyo. Mkubwa, kwa sababu hauna saa. Mlio wa simu hukatiza chakula, sala na usingizi, na kila mlio unaweza kuwa msiba. Anayeishi mbali huumia zaidi, kwani hana la kuona kwa macho ili apoe. Mtu wa Maruku akitoka nje akaona soko lipo na watu wanauza ndizi, hofu yake hupata kipimo. Binamu wa Muscat ana skrini tu.

Hatua. Wakati mwingine hakuna njia inayoizidi: "Kesho kliniki ya watoto haipo, wamehamishia zahanati ya pili" hufika kwenye kundi la mtaa kabla ya kufika kwingine kokote.

Maswali. Unauliza, na wanajibu watu ishirini kwa majibu ishirini.

Gharama. Bando, hasa video. Zima upakuaji wa picha na video otomatiki kwenye mipangilio ya hifadhi na data. Inaokoa fedha, na pia inazuia picha za kutisha kuingia kwenye simu bila ruhusa yako.

Ukibaki kwenye makundi, fanya hivi. Fungua kundi, gusa jina lake, nyamazisha kwa wiki moja au daima. Chaguo la kunyamazisha kwa saa nane halitoshi kwa mlipuko wa miezi. Ukiwa msimamizi, weka kundi la matangazo ambalo wasimamizi tu ndio wanaoandika, na mpange kutuma ujumbe mmoja kwa siku, kwa saa moja inayojulikana, wenye tarehe na chanzo. Kosa tunaloliona mara nyingi ni msimamizi kufuta uvumi kimyakimya. Waliousikia wamekwishausikia. Uandikie jibu fupi kabla ya kuufuta.

Inawafaa watu wa mtaa au kijiji kimoja wanaojuana, chini ya msimamizi mwenye bidii. Haimfai mtu ambaye tayari anapata usingizi wa saa tatu tu kwa usiku.

TikTok, Facebook, X na televisheni isiyokatika

Usahihi. Mchanganyiko. Wizara na madaktari wazuri wapo humo; waongo nao wapo, kwa sura ileile na urefu uleule wa klipu.

Mzigo kwa moyo. Mkubwa kuliko njia zote, kwa sababu ya muundo wake. Ukitazama klipu moja ya kutisha hadi mwisho, programu inakuletea ya pili. Televisheni nayo hurudia picha moja kwa saa nyingi, maandishi yakipita chini. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, waliwapima Wamarekani baada ya mabomu ya mbio za Boston mwaka 2013. Waliofuatilia habari za tukio hilo saa sita au zaidi kwa siku katika wiki iliyofuata walikuwa na msongo mkali kuliko hata waliokuwa mahali pa tukio au karibu nalo. Lile lilikuwa shambulio, si ugonjwa, lakini mwaka uliofuata nchi hiyohiyo iliingiwa na hofu kubwa ya Ebola wakati watu waliogunduliwa na ugonjwa ndani ya mipaka yake walikuwa wanne tu.

Hatua. Kidogo, isipokuwa ukiingia moja kwa moja kwenye ukurasa wa wizara, ukasoma, ukatoka.

Maswali. Maoni chini ya video si mahali pa kupata jibu la afya yako.

Gharama. Bando nyingi, na muda usiouona ukiondoka.

Inamfaa anayetafuta kitu kimoja akijua ni kipi, kama picha inayoonyesha jinsi ya kumsafirisha mgonjwa kwa usalama. Weka kengele ya dakika 15 kabla ya kufungua. Baada ya saa mbili usiku acha kabisa, kwa kuwa ulichokitazama mwisho ndicho utakacholala nacho.

Ripoti za wizara na za Shirika la Afya Duniani

Usahihi. Wa juu, kwa anayejua kuzisoma. Asiyejua anaweza kuogopa bure. Kuna makundi matatu ya wagonjwa. Wahisiwa wana dalili na wanasubiri vipimo. Wengi wao huja kuonekana wana malaria au ugonjwa mwingine. Wanaodhaniwa ni wale ambao mara nyingi walifariki kabla ya kuchukuliwa sampuli, ila walihusiana na mgonjwa. Waliothibitishwa wana majibu ya maabara. Kichwa cha habari kikijumlisha wote watatu, hesabu inatisha bila sababu.

Angalia mifano miwili. Marburg ya Biharamulo, wilaya nyingine ya Kagera, mwanzoni mwa 2025, iliisha na wagonjwa 10, wawili waliothibitishwa na wanane wanaodhaniwa, na wote 10 walifariki. Marburg ya Rwanda, Septemba hadi Desemba 2024, ilikuwa na wagonjwa 66 na vifo 15, yaani takriban asilimia 23. Msomaji wa haraka atasema ugonjwa wa Biharamulo ulikuwa mkali mara nne. Lakini wale wanane walikufa kabla mlipuko haujathibitishwa, na waliingia kwenye hesabu walipofuatiliwa nyuma. Rwanda waligundua wagonjwa wakiwa hai na kuwatibu mapema. Tofauti kubwa imo katika nani alihesabiwa, na lini.

Jambo la pili: idadi ya jumla ya waliothibitishwa tangu mlipuko uanze haishuki. Ukiifuata hiyo kila siku utaona mlipuko unapanda mpaka siku unapotangazwa kuisha. Fuata badala yake idadi ya wagonjwa wapya wa wiki, siku zilizopita tangu mgonjwa wa mwisho, na wangapi kati ya wagonjwa wapya walikuwa tayari kwenye orodha ya waliofuatiliwa. Hii ya mwisho ndiyo bora. Kama karibu wote walikuwa kwenye orodha, wahudumu wameushika ugonjwa. Siku 42 bila mgonjwa mpya, mara mbili ya muda mrefu zaidi wa ugonjwa kujitokeza, ndizo zinazofunga mlipuko wa Marburg au Ebola.

Mzigo kwa moyo. Mwepesi kwa anayependa hesabu. Kwa mwingine namba huwa uraibu: Kenya mwaka 2020 wapo walioupangia mchana wao saa ya wizara kutangaza wagonjwa wapya. Na kimya cha ripoti kina mzigo wake. Tanzania iliacha kutoa takwimu za Korona mwanzoni mwa Mei 2020, zikiwa zimefika wagonjwa 509, na nafasi iliyoachwa ilijazwa na klipu za mazishi ya usiku ambazo hakuna aliyeweza kuzithibitisha wala kuzikanusha.

Hatua. Chache. Maswali. Hakuna; ukitaka kuuliza, namba ya bure ya Wizara ya Afya Tanzania ni 199. Gharama. Bando kidogo, lakini lugha ni kikwazo: ripoti za kimataifa hutoka kwa Kiingereza na Kifaransa.

Inawafaa walimu, viongozi wa dini, watangazaji, na yeyote anayeulizwa na wengine.

Mhudumu wa afya wa jamii

Usahihi. Mzuri kwa yale aliyofundishwa, mdogo kwa yale ambayo hajaambiwa. Huenda akapata mwongozo siku mbili baada ya redio. Hilo ni kosa la mfumo. Yeye anaheshimika akisema "nitauliza nikujibu kesho".

Mzigo kwa moyo. Mwepesi kuliko njia zote, mahali penye imani. Mahali pasipo na imani mambo hugeuka. Beni na Butembo, mashariki mwa Kongo, Septemba 2018, utafiti uliowahoji watu 961 ulikuta takriban mmoja kati ya wanne akiamini Ebola haipo, na chini ya theluthi moja wakiwaamini viongozi wa eneo kuwa wanatetea maslahi yao. Wasioamini walielekea zaidi kutotafuta tiba wala kukubali chanjo. Mlipuko ule ulidumu hadi Juni 2020 na kuchukua watu 2,287. Kwa hiyo anayekuja mlangoni awe mtu wa pale, anayejua lugha ya nyumbani, na asije na msafara wa magari.

Hatua. Hapa anazidi wote. Anaona ndoo yako ya maji, chumba utakachomtenga mgonjwa, na umbali wa zahanati.

Maswali. Unauliza hadi uridhike, hata yale ya aibu.

Gharama. Fedha hakuna, ila kuna unyanyapaa: majirani wakimwona mwenye fulana ya afya kwako, wanaanza kuhesabu. Mpigie simu kwanza, au mkutane kanisani, msikitini au shambani. Naye pia ni binadamu mwenye hofu. Mhudumu asiye na glavu wala posho hawezi kutuliza watu kwa muda mrefu.

Inamfaa kila aliye ndani ya eneo la mlipuko, na kwa wa mbali haina msaada mkubwa.

Kuchagua kwa hali yako

Uko ndani ya kata yenye wagonjwa: mhudumu kwanza, redio ya karibu asubuhi na jioni, kundi la mtaa likiwa limenyamazishwa na kufunguliwa kwa saa zako. Ripoti za kimataifa hazitakuambia kitu ambacho hujakiona.

Uko mbali, wazazi wako wapo huko, iwe ni Kariakoo, Nairobi, Muscat au Minneapolis: kubalianeni saa moja ya simu kila siku, mtu mmoja wa nyumbani akiwa msemaji. Ongeza ripoti ya wizara mara mbili kwa wiki. Kama umo kwenye makundi manne ya familia, baki kwenye moja. Usimtumie mama kila klipu unayoipata ukimuuliza kama ni kweli. Unamhamishia hofu ya kwako juu ya ile aliyonayo.

Una historia ya wasiwasi, sonona, au mawazo ya kujisafisha yasiyoisha: taarifa moja ya redio kwa siku, isiwe ya usiku, na mtu mwingine akusomee mengine yanayokuhusu. Ukikosa usingizi, hamu ya kula au nguvu ya kazi karibu kila siku kwa wiki mbili, nenda kituo cha afya ukaseme hivyohivyo. Ukijiwa na mawazo ya kujidhuru usisubiri wiki mbili. Nenda leo, na mtu wa karibu. Kenya, Msalaba Mwekundu hupokea simu za ushauri nasaha bila malipo kwa 1199.

Una watoto: zima televisheni, kisha waulize wameshasikia nini. Sahihisha hicho tu, kwa sentensi mbili, na umpe kila mmoja kazi, kama kujaza ndoo ya kunawia.

Watu wanakutegemea kwa jibu, wewe ni mwenyekiti, mwalimu, padri au imamu: soma ripoti wewe ili wao wasilazimike. Toa tangazo lenye mambo matatu: ugonjwa uko wapi, unaambukizwaje na hauambukizwi vipi, la kufanya ukipata dalili. Soma tarehe kwa sauti.

Uko kwenye ufuatiliaji wa siku 21 kwa sababu ulikaribiana na mgonjwa: acha habari za nchi nzima kabisa, kwani kila kifo kinachotangazwa utakisikia kama chako. Mwambie mhudumu aje au apige saa ileile kila siku, upime joto anapokuwepo tu, uandike siku kwenye karatasi ukutani. Siku ya 22 mwombe atamke, mbele ya jirani mmoja unayemwamini, kwamba umemaliza na uko salama.